Tulipu ya Tano

Istanbul, 4 Machi 1968

Kwa Shangazi Döndü, malkia wa Ladik, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake,

Keti kwanza, maana habari hizi zitakuangusha. Tangu Adamu ashuke duniani bila hata kipande cha zulia cha kukalia, hajazaliwa mtu wa kufunga fundo kama mimi mwanao. Wallahi! Juzi nzi alitua juu ya ua nililolifuma, akakaa robo saa nzima anatafuta asali. Nikamfukuza kwa huruma tu. Yule mwalimu aliyenitoa darasa la tano, aliyesema kichwa changu kinafaa kuning'inizia kofia, mwambie aje huku Istanbul anitafute. Aulize tu kwa Tayyar. Mji mzima unajua. Basi, mtaa mzima. Haya, wenye mazulia wote wa mtaa huu.

Fundi Garbis ameenda Yalova kwenye chemchemi za maji ya moto kuutuliza mgongo wake, na karakana yote ya kukarabati mazulia kaniachia mimi. Funguo ninazo, sindano ninazo, birika la chai ninalo. Nimebaki kutafuta taji.

Sasa sikiliza. Daktari Nüzhet Bey, mstaafu mmoja mwenye masharubu kama brashi ya viatu, ametuletea mswala wa kwetu. Wa Ladik kabisa! Nilipoukunjua nilisahau hata kujisifu, nawe unajua huo kwangu ni ugonjwa. Mihrabu yake, ule mchoro wa tao la kibla, ni nyekundu, lakini si nyekundu ya bendera wala ya nyanya, ni ile ya komamanga lililojipasukia mtini. Imepanda ngazi kwa ngazi, kushoto na kulia, hadi zikakutana kileleni bila kukosana hata fundo moja. Na katikati hakuna kitu. Hakuna ua, hakuna jani. Mimi ningejaza maua mpaka mtu akose pa kuweka paji la uso. Bibi aliyeufuma aliuacha uwanja mtupu, na ule utupu unakuita.

Bluu yake nayo haikutulia. Hapa nzito, pale imefifia, bila shaka sufu ilimwishia akachovya nyingine kwenye nili. Kiwandani wangeona aibu. Yeye kaipanga hivyo hivyo, ukitazama utasema maji yanapita. Juu ya mihrabu yamejipanga maua ya tulipu, shingo ndefu kama wasichana wanaochungulia arusi. Pembeni kuna mwaka, kwa hesabu ya kale ya Hijria, 1211, na kando yake birika dogo la udhu lenye mdomo uliopinda kushoto.

Mtu mpumbavu aliangusha kaa la moto kwenye kona ya juu kulia. Mimi nimekwisha kukata kando zake hadi penye afya, safi, kama daktari wa meno. Nyuzi za mtande, zile zinazosimama wima, nimezirudisha na nimeanza kufuma. Ukiuona hutajua mkono wa bibi umeishia wapi na wangu umeanzia wapi.

Niletee soksi. Istanbul ina upepo usio na adabu.

Wako,
Tayyar, Pasha wa Vifundo


Ladik, 13 Machi 1968

Kwa Tayyar, kichwa maji wangu,

Nzi alikaa robo saa kwa sababu hukunawa mikono baada ya kula halua. Nakujua. Soksi zimo ndani ya furushi, na jozi ya bluu usimpe mtu.

Sasa acha utani, mwanangu, ukae chini wewe. Birika lenye mdomo uliopinda kushoto! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikamwita Dürdane wa nyumba ya pili anisomee, nikidhani macho yangu yananichezea. Huo ni mswala wetu. Ungekuwa unanisikiliza nilipokuwa nikizungumza, badala ya kuiba zabibu mezani, ungeujua kabla hujaukunjua.

Aliufuma bibi wa bibi yake mama yangu. Alipokufa, walifunika jeneza lake kwa mswala huo, na baada ya mazishi ukaenda msikitini, kama ilivyo desturi. Toka hapo kila binti wa nyumba hii alijifunza kufuma kwa kuutazama. Wengine wana vitabu, sisi tulikuwa nao. Kila mwaka, siku ya kukung'uta mazulia ya msikiti kabla ya Ramadhani, mama alinipeleka kijitoni, akautandaza juu ya mawe, akanionyesha kwa kidole. Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule wa mwisho. Tulipu nne za kwanza ni sawasawa. Alipofika ya tano alicheka, akasema, "Hii ni yetu peke yetu. Ladik nzima hakuna mwenye nayo." Kicheko chake nakikumbuka mpaka leo. Ua lenyewe silikumbuka.

Baridi ya mwaka ule mama akafariki. Nami nilipoolewa kijiji cha juu, kabla sijarudi hapa, wazee wa msikiti walimpa mchuuzi mazulia yote makuukuu, akawaletea mazulia ya kiwandani, ya kijani, yanateleza kama samaki. Miaka yote hii nimeutafuta.

Tayyar, kwenye kitanda changu cha kufumia kuna mswala tangu miaka minne iliyopita. Pindo nimemaliza, mihrabu nimemaliza, tulipu nne zimesimama. Nimekwama pale. Kila mtu ananiambia, "Weka ya tano kama zile nne, nani atajua?" Nitajua mimi! Nataka siku yangu ikifika nifunikwe kwa mswala huo, nao uende msikitini, wasichana wapate pa kutazama tena. Bila ya tano, mswala huo ni wa mtu yeyote.

Nichoree. Kwenye karatasi ya mirabamiraba, kila mraba fundo moja, kila rangi na jina lake. Lakini umeandika kona ya juu kulia, na tulipu ya tano ndiyo inasimama kulia. Nishikie moyo wangu, mwanangu, kisha uniambie: moto umeifikia?

Shangazi yako,
Döndü


Istanbul, 21 Machi 1968

Shangazi wangu wa dhahabu,

Ondoa mkono kifuani, utajichosha bure. Moto ulilamba pindo tu, ukashiba. Tulipu ya tano moto haukuigusa. Nakuapia kwa soksi zako.

Ndani ya bahasha utaona karatasi saba. Nimezichora na kalamu tatu, na ya kijani imeisha, kwa hiyo palipo na alama ya msalaba pasome kijani, usije ukafuma misalaba kwenye mswala, imamu atakufukuza. Nimehesabu mara mbili. Darasani nilishindwa kuhesabu mbuzi kumi na wawili wa kitabuni, hapa nimehesabu vifundo elfu mbili na mia nne na ushei. Tatizo lilikuwa mbuzi wale, hawakuwa na rangi nzuri.

Sasa hiyo ya tano. Mama yako alikuwa na haki ya kucheka! Zile nne zinatazama juu, wima kama askari. Ya tano imegeuza uso. Shingo inapanda sawa na wenzake hadi fundo la kumi na tisa, kisha inainama kidogo upande wa ndani, kama mtu aliyeitwa jina lake. Petali ya nje ni nyekundu iliyoiva, ya ndani manjano, na chini ya shingo kuna vichipukizi viwili, kimoja kikubwa kuliko kingine. Tazama jinsi manjano ilivyowekwa upande mmoja tu. Hapo ndipo akili ilipo. Uso haujageuka hata kidogo, ni vifundo tu vimebadilika rangi, ila jicho linaapa kwamba umegeuka.

Fuma bila haraka. Pale kwenye shingo kaza uzi wa mshindio, ule unaopita kati ya safu za vifundo, vinginevyo itavimba.

Mikono yako miwili iliyoko Istanbul,
Tayyar


Ladik, 2 Juni 1968

Tayyar, mwanangu, mboni ya jicho langu (lile zima),

Nimemaliza.

Jana asubuhi tumeukata kutoka kitandani. Nilimpa Dürdane mkasi, akanirudishia, nikampa tena, tukaishia kuushika wawili kama bibi na bwana arusi wanaokata mkate. Tumepika supu ya tarhana, wanawake wa mtaa mzima wamejaa, na kila aliyeingia alienda moja kwa moja kwenye tulipu ya tano. Zile nne nilizozifuma miaka minne iliyopita, nikaharibu mgongo wangu, hakuna aliyezitazama!

Nilipofika pale kwenye fundo la kumi na tisa, ulipoandika shingo iiname, unajua nini kilitokea? Nilimwona mama. Nilikiona kidole chake kikigeuka, hivi, kama anayefungua mlango taratibu. Miaka arobaini na tisa sikukiona, sasa nakiona. Na vile vichipukizi viwili, kimoja kikubwa kingine kidogo! Dürdane anasema ni majani tu. Nimemwambia anywe supu yake. Hao ni watoto, Tayyar. Bibi yule alikuwa na watoto wawili, akawaweka chini ya shingo yake. Nani leo angewaza jambo kama hilo? Ninyi vijana mnajua kujaza tu. Mtu aliyekuwa akichota maji kwa ndoo, asiyejua kusoma, miaka mia na sabini iliyopita, alijua kuligeuza ua kwa rangi moja peke yake. Nimeketi mbele yake leo asubuhi mpaka chai ikapoa.

Dürdane ameomba karatasi zako, nimempa. Binti wa imamu naye ameomba. Binti mwingine, yule mrefu wa kwa mhunzi, ameanza wa kwake jana hiyo hiyo, kwa nyuzi za kuazima. Vitanda vitatu, Tayyar! Miaka hamsini hapakuwa na kimoja, ukitoa changu.

Wangu nimeukunja na majani ya mlimani yenye harufu kali, nondo wasiuguse. Nimewaambia wote: ni wa jeneza langu, na ole wake atakayeukanyaga kabla.

Limebaki jambo moja. Nataka kuuona ule wa asili. Mwombe daktari wako mwenye masharubu. Sitaki kuuchukua, mwambie asiogope. Nataka kuuwekea vidole tu, pale alipoweka mama.

Shangazi yako mwenye furaha,
Döndü


Istanbul, 10 Juni 1968

Shangazi mpendwa,

Hongera, na hongera tena. Sina nafasi ya kuandika sana, kazi zimenifunika hadi nyusi.

Fundi Garbis amerudi, mgongo umenyooka, ulimi pia. Kuhusu kuja, mimi nakushauri ungoje. Istanbul joto ni kali, maji yanakatika, wezi nao wana digrii. Daktari mwenyewe ni mtu wa kusafirisafiri. Na mswala wenyewe uko kwenye matengenezo, hauko katika hali ya kupokea wageni. Ngoja vuli. Au mwakani.

Waambie hao wasichana watatu wasiwe na haraka. Kwani wanakimbilia wapi? Wafume mapindo kwanza.

Tayyar


Ladik, 17 Juni 1968

Tayyar,

Barua ya mistari kumi, bila uongo hata mmoja kuhusu mikono yako? Unaumwa? Kuna msichana?

Eti vuli! Vuli nitakuwa na miaka hamsini na tisa, mwakani sitini, na jicho la kushoto limeanza kuona maziwa. Daktari wako si wa kusafirisafiri. Mkuu wa posta alinipigia simu kwake, nikazungumza na daktari mwenyewe. Ni mtu mzuri sana, ameniita hanımefendi, bibi mheshimiwa. Amesema mlango uko wazi.

Napanda treni ya Jumatano tarehe 26. Alhamisi asubuhi nitakuwa stesheni ya Haydarpaşa. Nitakuwa nimevaa kitambaa cha zambarau, lakini hutanikosa, wewe tafuta mwanamke anayegombana na mchukuzi. Nakuja na mswala wangu kwenye furushi. Nitailaza miwili sambamba, wa bibi na wangu, tulipu ya tano kwa tulipu ya tano.

Mwambie Fundi Garbis namletea jibini.

Shangazi yako,
Döndü


Istanbul, 20 Juni 1968

Shangazi,

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Konya mkononi, nikamwapisha, ili ikufikie kabla ya Jumatano. Isome peke yako. Dürdane asikusomee.

Ile tulipu iliyogeuza uso si ya bibi. Ni yangu.

Niliichora juu ya kifuniko cha kopo la chai, nikaifuma kwa siku kumi na moja, na barua yako ya kwanza ilipofika ilikuwa imekwisha kusimama pale kwenye mswala wa daktari, inapendeza, inanitazama mimi. Nilijua haikuwa yake. Lakini ulikuwa umeniambia nikushikie moyo. Nikawaza, ukipata ua utafurahi, na ukiambiwa hakuna ua utakufa ukiwa umekwama kwenye tulipu nne. Tena, nisikufiche, nilitaka kuona kama litapita. Lilipita. Ulimwona mama yako ndani yake. Barua ile nimeibeba mfukoni tangu ilipofika na siwezi kuisoma mara ya pili.

Vile vichipukizi si watoto. Dürdane alisema kweli. Nilikuwa na sufu ya kijani imebaki, sikutaka ipotee.

Fundi Garbis aliporudi hakuvua hata koti. Aliugeuza mswala kifudifudi, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, taratibu, kikafika kwenye kona kikasimama.

"Nani kafuma hapa?"

"Mimi, Fundi."

Akaleta kioo chake cha kukuzia. Akatazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Hii ni kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya," akasema. "Sasa ifumue."

Nikabisha. Unanijua. Nikamwambia daktari atalipenda, na pengo ni aibu ya karakana. Akaniambia, "Wewe mjukuu wa wafumaji, sikiliza. Mwenye mswala akikuta pengo atasikitika. Akikuta uongo atausujudia."

Nimelifumua kwa siku mbili, fundo moja moja, kwa ncha ya sindano. Pale sasa pana sufu tupu ya rangi ya uwanja, bila ua, mtu yeyote akitazama ajue hapa kuna kitu kimepotea. Mswala wenyewe, Shangazi, bado ni mzuri kupita maneno. Nilikuwa nadhani ua langu ndilo linauinua. Kumbe nilipoliondoa ndipo nilipoona tena ile mihrabu inavyopanda, na ile bluu inavyotembea. Hakuna chochote mle ndani kinachotaka kusifiwa, isipokuwa mimi nilipokuwemo.

Kwa hiyo ukija na mswala wako, usiulaze sambamba mbele ya watu. Au ulaze, ni haki yako. Na wale wasichana watatu, kama unaona aibu kuwaambia, nitakuja mimi niwaambie nimesimama katikati ya uwanja wa msikiti. Wewe amua kama mswala wako bado unafaa kwa ulilolikusudia. Ukitaka nikufumulie, nitafumua. Ukitaka kunipiga, njoo na fimbo ya kukung'utia mazulia, Haydarpaşa nitakuwepo tangu alfajiri.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeikunja barua, nimeikunjua.

Ulipouliza kama moto umeifikia tulipu ya tano, nilikujibu haukuigusa. Katika barua yote ile hilo ndilo jambo la kweli. Moto ulikomea kwenye pindo. Fundi aliniambia niufute vumbi tu, nisiuguse kwa sindano wala kwa mkasi hadi arudi. Siku ya tatu nikaugusa. Tulipu ya tano ilikuwa pale, nzima, iko hai, upana wa vidole vitatu. Ilikuwa na vifundo vyeupe mahali ambapo zile nne zina manjano, na shina lake liligawanyika likashuka chini badala ya kupanda. Niliitazama, nikailinganisha na wenzake, nikasema kwa sauti, peke yangu karakanani: "Ajuza huyu kakosea hesabu." Halafu nilitaka kando iliyonyooka, ili kazi yangu ianze vizuri. Vipande nilivifagia mwenyewe. Gari la taka hupita Jumanne. Tangu barua yako ya kwanza nimejaribu kulichora lile shina kila siku, na kila siku mkono wangu unalifanya zuri zaidi, sasa sijui tena lilivyokuwa.

Moto haukuifikia, Shangazi. Niliikata mimi.

Tayyar